Bati Hulia, Puti Hunyamaza

Mpira wenyewe ulikuwa wa kumwagilia bustani, wa kijani, urefu wake kama dhiraa mbili. Fundi aliukata kwa kisu, akachomeka ncha moja sikioni na ncha ya pili akaielekeza kwenye mdomo wa kabureta ya mbele. Injini ilikuwa ikiunguruma taratibu. Akasikiliza, akahamia kabureta ya nyuma, akarudi ya mbele. Kisha akanipa mpira.

"Hebu sikia, mwanangu. Huyu anavuta, mwenzake anategea."

Ilikuwa Uyole, nje kidogo ya Mbeya mjini, asubuhi ya Julai 1999, baridi ile inayomfanya mtu ashike spana kwa kitambaa. Nilichosikia mwanzoni ni mvumo tu. "Usisikilize kelele," akaniambia, "sikiliza kinachoingia." Ilinichukua karibu nusu saa. Kabureta ya mbele ilifyonza hewa kwa sauti nene. Ya nyuma ilifyonza kwa sauti nyembamba, kama mtu anayeonja chai ya moto. Mzee akageuza skrubu, hata robo mzunguko haikufika. Sauti mbili zikakaribiana mpaka zikawa moja, na spana iliyokuwa ikitetemeka juu ya betri ikatulia.

Gari lilikuwa Datsun 1600 SSS. Nilikuwa nimelikuta Makambako, nyuma ya ghala la mahindi, kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma. Lakini mapenzi yangu nalo yalianza zamani, kabla sijajua kusoma. Tuliishi Iringa, Gangilonga, karibu na lile jiwe kubwa ambalo jina lake la Kihehe lina maana ya jiwe linaloongea. Jirani yetu alikuwa na gari kama hilo, jekundu. Wakati ule wa uhaba wa mafuta, magari ya watu binafsi hayakuruhusiwa barabarani Jumapili kuanzia saa nane mchana. Basi kila Jumapili jirani alilirudisha uani kabla ya saa hiyo, na kwa kuwa lisingeweza kwenda popote, alituachia sisi watoto. Tulikaa ndani yake jioni nzima. Tulishika usukani kwa zamu, tukanguruma kwa midomo, tukakata kona za mlima Kitonga bila kutoka chini ya mparachichi.

Jirani huyo ndiye aliyetuhadithia Safari, mashindano ya magari yaliyoanza mwaka 1953 na ambayo kwa miaka ishirini hivi yalipita Kenya, Uganda na kwetu. Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, aliyashinda mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, akiwa na Chris Rothwell ndani ya Peugeot 404. Mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller wakashinda kwa Datsun 1600 SSS. Kwetu watoto hilo lilikuwa jambo kubwa mno: gari lililoshinda tope la Afrika Mashariki yote lilikuwa limeegeshwa pale uani, na kiti chake tulikuwa tumekikalia sisi.

Magari haya yalichorwa na watu waliokuwa wakipumua hewa nyingine. Iringa iko mita zipatazo 1,600 juu ya usawa wa bahari, Mbeya mita 1,700, na huku juu hewa ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya sita ukilinganisha na Dar es Salaam. Kabureta iliyorekebishwa Gerezani, kule Dar es Salaam, ikifika Iringa inaendelea kumimina petroli ileile kwa hewa iliyopungua. Plagi zinajaa masizi, moshi mweusi unatoka, nguvu inapotea. Wenye magari wengi walidhani injini imechoka. Fundi wa Uyole alijua haijachoka, ila hakuna aliyeifundisha kupumua huku. Chini ya kila kabureta ya SSS kuna nati moja. Ukiipandisha, petroli inapungua. Aliipandisha kidogo kidogo, kila mara akichomoa plagi na kuitazama, mpaka ncha yake ikawa na rangi ya chai ya maziwa.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeshafanya kosa ambalo nalikumbuka kila nikiona injini ya aina hiyo. Gasketi ya hedi ilikuwa imeungua. Nilikuwa kijana, nina kitabu cha kuazima na spana mpya, nikaamua kuifungua hedi mwenyewe. Injini hiyo, ya sentimita za ujazo 1,595, ina cheni ndefu inayopanda hadi kwenye kamshafti juu. Upande mmoja wa cheni kuna kikaza kinachosukumwa na springi. Ukilegeza gia ya juu bila kukizuia, kikaza kinaruka kutoka mahali pake, na hakirudi mpaka ufungue sehemu yote ya mbele ya injini. Nilisikia mlio mdogo tu, "tik". Kazi ya saa tatu ikawa ya siku tatu.

Mzee hakunigombeza. Alichukua kipande cha mbao ya paini, zile za Sao Hill zinazoshushwa Mbeya kwa malori, akachonga kabari nyembamba, akaipiga msasa mpaka ikawa laini kama mwiko. "Hii unaishusha katikati ya cheni kabla hujagusa kitu." Nikamuuliza kwa nini asitumie chuma. Akasema chuma kingeumiza, mbao inakubali kuumia yenyewe.

Kisha akanionyesha jambo ambalo mpaka leo naliona ni la ajabu. Gia ya kamshafti ina matundu matatu, yenye namba 1, 2 na 3. Gari jipya hufungwa kwenye tundu la kwanza. Cheni ikirefuka kwa miaka, unahamia la pili, halafu la tatu, na valvu zinarudi kufunguka kwa wakati wake. Aliyeichora injini ile alijua itazeeka, akaiachia uzee wake nafasi mbili. Mzee hakuwa na kitabu. Aligundua mwenyewe, kwa kuhesabu meno na kujiuliza matundu mawili ya ziada yanafanya nini pale. Mimi nahesabu hayo kuwa mazungumzo: mtu mmoja aliuliza swali kwenye chuma huko Japani, mwingine akalijibu Uyole miaka thelathini baadaye.

Spea zilikuwa adimu. Duka moja liliniuzia pampu ya maji iliyovuja siku ya pili. Tangu hapo tulikwenda kwa mkerezaji wa Mwanjelwa aliyejifunza kazi yake TAZARA, tukampelekea shaba ya bomba la zamani, akatutolea bushi zinazoingia kwa kusukumwa na kidole gumba na kukataa kutoka. Wako wapenzi wa magari ya zamani, hasa Ulaya na Marekani, wanaotaka kila skrubu iwe ile iliyotoka kiwandani. Nawaelewa. Ila bushi ile ya shaba ni sehemu ya ukweli wa gari langu, nami nisingekubali kuibadilisha kwa ya kiwandani hata ningepewa bure.

Nilikuwa na gari jingine pia, Ford Escort ya zamani, jamaa ya ile ambayo Hannu Mikkola alishindia Safari mwaka 1972, dereva wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kushinda. Nililirudishia sura haraka ili nilipake rangi ya bluu, niingie nalo harusini. Fundi wa bodi, bwana mmoja wa Tukuyu mpole sana, alipita akiligonga kwa kifundo cha kidole: mlango, shavu, kizingiti cha chini. "Bati hulia, puti hunyamaza," akasema, na kuanzia kizingitini hadi nyuma gari lilikuwa kimya. Chini ya puti kulikuwa na kutu. Nikamwambia apulize rangi tu. Akapuliza, kwa kuwa nilikuwa mteja, lakini hakutaka kuchukua pesa yote. Masika mawili ya Rungwe yalitosha; rangi ikafura malengelenge, na kizingiti kikabaki mkononi mwangu kama mkate uliolowa. Gari hilo liliisha. Lilistahili bati jipya, la kukatwa, kukunjwa na kuchomelewa kwa subira, nami nililipa rangi.

Mzee wa Uyole alifariki mwaka 2011. SSS bado ninalo. Mwaka juzi nilishuka nalo Dar es Salaam kwenye harusi ya binti wa dada yangu, na Ruaha Mbuyuni, kwenye joto na mibuyu, nikasimama kushusha nati kwa ajili ya hewa ya chini. Wakati wa kurudi nilipanda Kitonga kwa gia ya pili nyuma ya lori la kwenda Zambia, madirisha wazi, macho kwenye geji ya joto. Ilula nikaegesha pembeni, karibu na wauza vitunguu. Nikafungua boneti, nikapandisha nati, nikatoa mpira wa kijani chini ya kiti. Umekakamaa sasa, lazima uupashe moto viganjani kwanza. Malori yalikuwa yakipita na upepo ulikuwa mkali, nikalazimika kufumba macho. Ya mbele. Ya nyuma. Ya mbele tena.

Ya nyuma ilikuwa inategea.