Dragon Ball na Dragon Ball Z: Steringi Hafi, Hadithi Je?

Ukitaka kuanzisha ubishi kijiweni bila kutaja Simba na Yanga, uliza swali hili: kati ya Dragon Ball na Dragon Ball Z, ipi kali? Wengi watajibu "Z!" kabla hujamaliza kuuliza. Hata mimi nilikuwa miongoni mwao. Siku hizi nimegeuka, na naomba nafasi nieleze sababu, maana naona jambo lenyewe linatuhusu zaidi sisi tunaojifunza kuandika.

Kwanza tuwekane sawa. Hadithi hii yote ni ya mtu mmoja, mchoraji wa Kijapani Akira Toriyama, aliyefariki Machi 2024. Aliichora wiki hadi wiki katika jarida la Shonen Jump kuanzia 1984 mpaka 1995, kwa jina lile lile moja. Waliopoifanya katuni ya televisheni, kampuni ya Toei, ndio walioigawa mara mbili. Dragon Ball ya awali ina sehemu 153, zilizoonyeshwa 1986 hadi 1989. Z ina sehemu 291. Ilianza wiki moja tu baada ya ile kwisha, ikaendelea hadi Januari 1996. Marekani walionyeshwa sehemu 13 tu za ile ya kwanza mwaka 1995, kisha mwaka 1996 wakaletewa Z. Basi watazamaji wengi wa tafsiri ya Kiingereza walimjua Goku mwenye misuli kabla ya kumjua Goku mtoto mwenye mkia.

Na huyo mtoto ndiye ninayetaka tumtazame. Anaishi mlimani peke yake, hajawahi kuona msichana wala gari. Anatokea Bulma, binti wa mjini mwenye miaka kumi na sita, akiwa na chombo alichokiunda mwenyewe cha kutafutia mipira saba ya ajabu. Ukiikusanya yote, dragoni hutokea na kukupa ombi moja. Goku anao mmoja, na kwake ni kumbukumbu ya babu yake. Hapo safari inaanza. Angalia jinsi ilivyo nyepesi: msichana ana akili, mtoto ana nguvu, na kila mmoja anamhitaji mwenzake.

Sasa tazama mgogoro wa kwanza unavyotatuliwa. Pilaf, mtawala mdogo mwenye tamaa kubwa, ameiteka mipira yote na yuko karibu kuomba aitawale dunia. Nani anaiokoa dunia? Si Goku. Ni Oolong, nguruwe mwoga na mhuni, ambaye anamwahi Pilaf kwa kupaza sauti akiomba nguo ya ndani ya kike! Ombi linakubaliwa, dragoni anatoweka. Hakuna ngumi iliyorushwa pale, bwana, na bado unakaa roho juu. Hiyo ndiyo taharuki.

Hata mafunzo ya ngumi yamefungwa na maisha ya watu. Mzee Roshi anapowafundisha Goku na Krillin, anawapeleka kugawa maziwa nyumba kwa nyumba, kulima shamba kwa mikono mitupu na kufanya kazi ya ujenzi, huku kila mmoja amebeba gamba la kobe la kilo 20 mgongoni, baadaye kilo 40. Kisha wanaingia mashindanoni, na Roshi mwenyewe anajibadilisha sura na kuingia humo humo ili vijana wake wasivimbe kichwa. Katika fainali yeye na Goku wanaanguka wote wawili, na mzee anawahi kusimama. Goku ameshindwa! Miaka mitatu baadaye anarudi na kushindwa tena, na Tenshinhan, kwa sababu tu ametangulia kugusa ardhi. Taji analipata mara ya tatu. Tumesubiri naye, tumekua naye.

Tukija kwenye Z, mambo yanabadilika tangu mwanzo. Anashuka Raditz kutoka angani, amevaa jichoni kioo cha kupimia nguvu. Anampima mkulima mmoja aliyeshika bunduki na kupata 5. Goku ni 334. Kuanzia hapo kila mtu ana bei yake usoni kama bidhaa dukani. Ukifika kwa Frieza unaambiwa 530,000, na hapo jamaa hajajibadilisha umbo bado. Mafunzo nayo yanafuata mkondo huo. Goku anajifungia ndani ya chombo cha angani na kuongeza uzito wa mvutano hadi mara 100 ya ule wa dunia. Hakuna tena nyumba ya kupelekewa maziwa.

Kwa mtazamo wangu, kosa halipo kwenye ngumi, maana hata ile ya kwanza imejaa ngumi. Kosa lipo kwenye hesabu. Mhusika akishapimwa kwa namba, mwenye namba ndogo hana kazi tena. Yamcha, Tenshinhan na hata Roshi wanageuka watazamaji; wanakodoa macho na kutuambia jinsi adui alivyo hatari. Lunch, yule dada aliyekuwa akibadilika tabia kila apigapo chafya, anakaribia kupotea kabisa. Bulma anaendelea kuunda vyombo, lakini hadithi haianzii kwake tena.

Nao muda unavutwa kama mpira wa manati. Frieza anaiharibu sayari ya Namek na kusema itapasuka baada ya dakika tano. Dakika hizo zinachukua karibu sehemu kumi! Sababu yake ni ya kikazi: katuni ilikuwa inaukimbilia mchoro wa Toriyama, na mchoro ulikuwa ukitoka kidogo kidogo kila wiki, hivyo Toei walilazimika kurefusha. Mwaka 2009 wenyewe walitoa toleo lililofupishwa, Dragon Ball Kai, na sehemu 194 za Z, hadi mwisho wa Cell, zikatosha kwenye sehemu 98 tu.

Lakini kinachoniuma zaidi ni kifo. Katika ile ya kwanza, Bora anauawa mbele ya mwanawe mdogo, Upa. Ili kumrudisha, Goku anapanda mnara mrefu kutafuta nguvu, anamshinda muuaji, anavamia makao ya jeshi zima la Red Ribbon na kukusanya mipira yote saba. Kufufuka kwa Bora kumelipiwa jasho, ndiyo maana mtoto anapomkumbatia baba yake, nawe unafuta machozi. Na kuna sheria: dragoni wa dunia hamfufui mtu yule yule mara mbili. Sheria hiyo ndiyo inayolipa uzito tukio kubwa kuliko yote ndani ya Z, Frieza anapomlipua Krillin, aliyekwishafufuliwa mara moja. Goku anajua rafiki yake harudi tena. Anapandwa na hasira mpaka nywele zinageuka dhahabu. Haki ya Mungu, pale hata mimi nilisimama.

Halafu wanafanya nini? Wanatuletea dragoni wa Namek, ambaye hana sheria hiyo. Krillin anarudi. Baadaye dunia nzima inateketea na kurudishwa. Vijana tunasema steringi hafi. Goku anakufa mara mbili ndani ya Z, na kila mara unamkuta upande wa pili anafanya mazoezi. Kifo kimekuwa likizo. Ngoma ikilia sana haikawii kupasuka.

Hata hivyo, tusiwe wachoyo. Z ina mambo ambayo ile ya kwanza haikuyafikia. Piccolo, adui mkubwa wa mwisho wa mfululizo wa awali, anamteka mtoto wa Goku na kumlea kikatili porini, kisha anajikuta amesimama mbele ya shambulio la Nappa na kufa ili mtoto huyo aishi. Hapo mwendelezo umefanya kazi yake: umechukua chuki tuliyoijua na kuigeuza upendo bila kutudanganya. Pia ile ya kwanza ina doa lake; mizaha ya Roshi kwa wasichana inachosha, na mingine inaudhi.

Na Toriyama, nadhani, aliujua ugonjwa huu. Wabaya wake wanaotegemea kile kioo hudanganyika kila mara, kwa sababu mashujaa wanaweza kuficha nguvu zao. Mwishoni kabisa, dhidi ya Buu, nguvu zote za Goku na Vegeta hazitoshi. Wanawaomba watu wa dunia wainue mikono wachangie nguvu, na watu hawawasikilizi. Wanakuja kumsikiliza Mr. Satan, bingwa wa uongo, dhaifu, mwenye domo. Na miongoni mwa wanaoinua mikono wamo Upa na baba yake, pamoja na Lunch. Yaani ili kumaliza Z, ilibidi kurudi kuwaita watu wa Dragon Ball, wale waliosahauliwa.

Naandika haya nikiwa na mswada wangu mezani. Shujaa wangu ni konda wa daladala. Sehemu ya kwanza anagombana na tajiri wake kwa ajili ya hesabu ya jioni, na mama yake anauza vitumbua stendi. Sehemu ya pili nimempiganisha na majambazi watatu, kisha sita, kisha genge zima. Nilijiona nimepanda ngazi. Rafiki yangu aliusoma wote akanirudishia na swali moja: "Mama yake ameenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Nimelifuta lile genge, na sasa ninaandika upya kuanzia pale stendi, alfajiri, mafuta ya vitumbua yakianza kuchemka.