Hesabu ya Sanduku Kabla ya Belo

Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, nyumbani kwa kaka yangu, Katonga, Kigoma, fedha ya dagaa ilikatika na fungu la nguo likawa la kwanza kufutwa. Mke wake hakulalamika. Alitoa nje masanduku mawili ya bati na kiroba kimoja, akatandika mkeka, akamwaga kila kitu. Kazi ilichukua siku mbili, nami niliitazama mwanzo hadi mwisho.

Kwanza, wakati. Wengi wetu tunachambua nguo msimu unapoingia. Shemeji huchambua msimu unapotoka. Kigoma mvua zinazoanza Oktoba au Novemba hukata Mei, na mwezi huo kila mtu bado anakumbuka koti lipi lilivuja begani na sweta ipi haikauki. Subiri mpaka Oktoba nyingine, makoti yote yatakuwa mazima kichwani mwako.

Pili, na hapa ndipo penye ufundi, hakupanga marundo kwa aina. Alipanga kwa kazi: ziwani, shuleni, shambani, misibani na harusini, nyumbani. Kwa aina, makoti yalikuwa saba, na mtu angesema yametosha. Kwa kazi, la ziwani lilikuwa moja tu. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na upepo wa kiangazi ukivuma majini, koti lisilofunga mpaka shingoni ni pambo. Yale sita yalikuwa mapambo. Kwa hiyo nyumba ilikuwa na makoti ya ziada na ikahitaji koti, yote mawili kwa pamoja.

Rundo la mwisho, la matambara, hakulifunga siku ile. Lilikuwa na mashati yenye madoa ya mawese, na Kigoma nani amekwepa mawese? Wekundu ule ni karotini, nayo huchujuka kwa jua, ila mafuta yenyewe yanataka sabuni kwanza. Aliyafua, akayaanika yakiwa bado na maji. Kesho yake jioni mashati manne yalihama kutoka matambara kwenda shambani, na mawili yakarudi kuvaliwa mjini. Yenye koga kwenye bitana hayakupata bahati hiyo.

Chini kabisa ya sanduku la pili vilitokea vipande viwili vya kitenge cha Kongo, bado vimekunjwa kama vilivyotoka dukani. Alikuwa amevinunua, akakosa fedha ya fundi, akavisahau. Nikamkumbuka Livingstone, aliyerudi Ujiji hapo jirani Oktoba 1871 akitegemea bidhaa zake, na vitambaa siku hizo ndivyo vilikuwa fedha ya safari. Akakuta aliyeachiwa ameviuza vyote. Yeye alidhani anavyo, kumbe hana. Shemeji alidhani hana, kumbe anavyo. Wote wawili walihesabu kwa kichwa.

Tulipishana jambo moja. Aliweka kando sweta tatu za shule kwa ajili ya mtoto ambaye hata kutembea hajakaza. Nikasema koga itazivaa kabla yake.

"Shemeji," akanijibu, "wewe mwaka huu umenunua sweta ngapi za shule?"

Sikuwa na jibu, ila bado naona amekosea. Nguo inayosubiri miaka minne kwenye bati lenye unyevu ni mali ya nondo. Bora angempa jirani mwenye mtoto wa darasa la kwanza.

Baada ya siku mbili orodha ya kununua ilibaki na vitu vitatu: koti la ziwani, suruali ya shule, na ndala. Kitenge kikaingia kwenye hesabu ya fundi, si ya duka.

Ziwa likafunguliwa, fedha ya giza la kwanza ikapatikana, tukaenda kwenye mitumba asubuhi belo likifunguliwa. Saa hiyo bei iko juu kwa kuwa chaguo ndilo bora. Kadiri siku inavyokwenda, vinabaki vibaya na bei inashuka. Asiye na orodha hununua vitano vya jioni kwa sababu ni rahisi. Shemeji aliacha suruali isubiri jioni. Koti alililipia bei ya asubuhi, lakini kabla ya kutoa fedha alilivaa mwenyewe juu ya gauni, akapandisha zipu mpaka kidevuni, akachuchumaa, akanyoosha mikono miwili mbele na kuirudisha kifuani mara tatu, kama mtu anayevuta wavu.