Sahihi ya Kibali na Bei ya Gari

Vita dhidi ya ulanguzi vya mwaka 1983 vilimlenga muuzaji. Vilikuwa halali, lakini uchambuzi wake ulikuwa pungufu. Gari lililopatikana kwa kibali, kwa bei iliyopangwa, liliweza kuuzwa tena ghali zaidi hata likiwa limeshatumika. Faida hiyo haikutoka katika jasho la mtu. Ilitoka katika uhaba, na katika sahihi ya mtoa kibali. Azimio la Arusha la 1967 liliwakataza viongozi hisa, mishahara miwili na nyumba za kupangisha. Kuhusu kibali, kimya! Mkulima wa mpunga wa Kagongwa hakushiriki biashara hiyo, ila tofauti ya bei aliilipa yeye, katika nauli ya kila gunia. Mwaka 1984 watu waliruhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha zao za nje bila kuulizwa zilikotoka. Mwenye fedha hizo akaleta pikapu, akapanga nauli.