Kabla ya Kumkabidhi Mashine, Mpimeni Macho

Habari za kukabidhi vifaa saidizi mashuleni tumeshazizoea. Mashine za nukta nundu zimepangwa mezani, mgeni rasmi anatoa hotuba, picha zinapigwa, shughuli imeisha. Kupokea mashine si kosa. Ila kuna swali ambalo habari hizo haziulizi: huyo mtoto atakayeitumia, macho yake yalipimwa?

Tuchukue Singida. Shule ya Msingi Ikungi Mchanganyiko ina wanafunzi wasioona, wenye ualbino, na wasio na ulemavu wowote. Hao wa makundi mawili ya kwanza watu wengi tunawatia kapu moja, "shida ya macho". Kisayansi hawako kapu moja hata kidogo.

Mtoto akiwa tumboni, jicho linahitaji melanini ili likue sawasawa. Ikipungua, kile kishimo cha katikati ya retina kinachotupa uoni mkali hakikamiliki. Ndiyo maana miwani humsaidia mwenye ualbino kwa kiasi tu. Macho yake pia huchezacheza na mwanga mkali humuumiza. Lakini anaona! Wengi wanasoma wino vizuri, yakiwa maandishi makubwa au yakiwa karibu. Na kwa kawaida uoni huo haupungui kadiri anavyokua, kwa hiyo hoja ya "ajiandae kuwa kipofu" haina mashiko.

Nukta nundu zilibuniwa kwa ajili ya vidole: nukta sita, michanganyiko 63. Kwa asiyeona, mashine ya Perkins, iliyoanza kutoka mwaka 1951, ni kalamu na daftari lake. Mpe mtoto anayeona kidogo, na mara nyingi atazisoma nukta kwa macho. Yaani anakodolea nukta nyeupe juu ya karatasi nyeupe, akitafuta vivuli. Hapo teknolojia imemwongezea ulemavu.

Kinachomfaa ni rahisi zaidi. Kitabu kikitoka sentimita 40 hadi 10 kutoka jichoni, herufi inaonekana kubwa mara nne, bila hata senti. Mwalimu anayemwambia "usibandike uso kwenye kitabu" anamnyang'anya lenzi ya bure; kusoma karibu hakumharibu macho. Darubini ndogo ya mkononi ya mara nne humfanya aliyekaa mita nne kutoka ubaoni aone kama yuko mita moja. Ongeza ubao uliopakwa rangi nyeusi upya, kofia, na kiti cha mbele kinachopa dirisha mgongo.

Baraza la Mitihani linatofautisha tayari: asiyeona anapewa mtihani wa nukta nundu, mwenye uoni hafifu anapewa wa maandishi yaliyokuzwa. Sasa mtoto aliyefundishwa kusoma kwa vidole miaka saba, na macho anayo, afanye upi? Na akitoka shule, duka la dawa, simu na fomu za benki vyote viko kwa wino.

Kwa hiyo ukisikia tena vifaa vimekabidhiwa, usiulize vingapi. Uliza kabla yake alikuja mtaalamu wa macho, na alimpima nani.