Barnabas Aliyenyimwa Muda

Tamthilia ya televisheni ya Marekani, Dark Shadows, ilirushwa tangu 1966 hadi 1971, sehemu 1,225. Mhusika Barnabas Collins, mnyonya damu, aliingia mwaka 1967. Mwanzoni tunamwogopa. Baadaye hadithi inaturudisha 1795: kumbe alilaaniwa na mwanamke aliyemkataa! Hapo tunaanza kumhurumia.

Mwaka 1970 Dan Curtis, mwanzilishi wa tamthilia hiyo, aliongoza filamu ya House of Dark Shadows. Mwigizaji ni yule yule, Jonathan Frid, lakini historia ya laana imeachwa. Barnabas anaua, naye anauawa, basi.

Wapo watakaosema fani ya filamu inadai ufupi. Saa moja na nusu haitoshi. Sawa. Lakini mimi naona kilichokatwa si matukio tu, ni huruma yenyewe. Fani imebadilisha dhamira.

Nayasema haya nikiwa kwetu Nyashimo. Huku Usukumani vikongwe wameuawa kwa kuitwa wachawi, eti macho yao mekundu, wakati ni moshi wa kupikia kwa kinyesi cha ng'ombe. Bibi yangu alikuwa na macho hayo hayo. Mpita njia angeona mchawi. Sisi tuliokula naye kila siku tulimwona bibi.

Ndiyo maana nasema filamu inatisha zaidi, lakini tamthilia ina ukweli zaidi. Jitu la kutisha, ukilipa muda, huenda likawa mtu.