Jeshi la Kongo: Kuchanganya si Kuunganisha

Wakongo wanapolizungumzia jeshi lao la baada ya vita hutumia neno la Kifaransa, "brassage". Kwa asili ni kukoroga na kupika pombe. Neno lenyewe ni zuri, maana mtama ukishakuwa pombe haurudi tena guniani. Kasoro yake ni kwamba mtama hauna kamanda.

Makubaliano ya Pretoria ya Desemba 2002 yalitaka askari wa serikali, wa RCD, wa MLC na wa Mai-Mai wawe jeshi moja, ambalo ndilo FARDC. Walipelekwa kambi za mbali kama Kitona na Kamina, vikosi vyao vikavunjwa, wakafundishwa pamoja, kisha wakapangiwa mikoa mingine. Kwenye karatasi sioni kosa. Kosa lilikuwa kwenye mshahara. Fedha zilipita mikononi mwa makamanda, na kamanda mwenye orodha ya askari hewa hapendi watu wake wahesabiwe. Mwaka 2005 Umoja wa Ulaya ulileta ujumbe wa EUSEC, uliofanya kazi ndogo yenye akili nyingi: kutenganisha njia ya fedha na njia ya amri. Sisi wahandisi tungeanza hapo, kabla ya gwaride na bendera.

Halafu Januari 2007 ikaja "mixage". Wapiganaji wa Laurent Nkunda walichanganywa na wa serikali hukohuko Kivu ya Kaskazini, bila kuhamishwa. Watetezi wa mpango ule husema ulizuia vita. Ulizuia kwa miezi tu. Mwaka haujaisha walikuwa wanapigana upya. Mwaka 2009 wapiganaji wa CNDP wakaingizwa tena jeshini, na mkataba ukatiwa saini Machi 23. Safari hii pia walibaki mashariki, chini ya wakubwa wao walewale, akiwemo Bosco Ntaganda, ambaye tayari alikuwa anatafutwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Aprili 2012 wengi wao wakaasi, na jina lao la M23 wakalitoa kwenye tarehe ya mkataba uleule, wakidai serikali imeuvunja. Novemba wakaingia Goma. Januari 2025 wakaingia tena.

Wengi wetu huku ughaibuni tuna ndugu Goma na Bukavu, na kwenye misiba na harusi hakosekani wa kusema "wachanganywe tu, yaishe". Mimi humuuliza: mshahara wao utapita kwa nani, na watapangwa mkoa gani?