Uzito wa mtoto si mbegu, ni mavuno

Nimesoma toleo moja la jarida la Marekani, The Future of Children, la mwaka 2005. Swali lake: kwa nini kule watoto weusi wanapoanza shule, kwa majaribio wanaonekana nyuma ya weupe?

Nancy Reichman anaangalia mizani. Mtoto wa chini ya gramu 2500 anahesabiwa amezaliwa mwepesi, na kwa weusi jambo hilo linatokea karibu mara mbili kuliko kwa weupe. Lakini kwa hesabu yake, uzito unaeleza asilimia 3 ao 4 tu ya pengo lile. Janet Currie anaongeza pumu, upungufu wa damu, sumu ya madini ya risasi, kunyonyesha na afya ya mama. Anasema vyote pamoja vinaweza kufika robo ya pengo.

Ni kazi safi, haina makelele. Currie hasa ameona vizuri: ugonjwa mumoja ni kidogo, vikijumlishwa vinalemea.

Shida yangu iko hapa. Musomaji mwenye haraka ataona asilimia 3, atasema: basi, afya tuiache. Sisi watu wa agronomi hatusomi shamba vile. Uzito wa mahindi si mbegu, ni mavuno. Ndani yake mna udongo, mvua na mukono wa mulimaji. Na uzito wa mtoto ni vile vile.

Ushahidi uko. Mwaka 1997, David na Collins walitazama watoto waliozaliwa Illinois. Watoto wa mama weusi waliotoka Afrika walikuwa na uzito wa kukaribia ule wa watoto wa weupe wa Marekani, kuliko wa weusi waliozaliwa palepale. Ngozi ni ile ile, lakini maisha ya mama si yale yale. Njo maana siwezi kukubali mutu aniambie ni damu.

Kwa hiyo ile asilimia 3 haipimi udongo wote. Inapima alama moja tu ambayo udongo umeacha kwa mtoto siku ya kwanza. Kisha mtoto anarudi kuishi katika udongo ule ule, miaka mitano mbele ya shule.

Tena neno lao, “utayari wa shule”, linamuuliza mtoto kama yuko tayari. Mimi ningeuliza kwanza: nani alitayarisha shamba?